Posa Saba na Kifungu cha Nane

Toronto, 15 Septemba 1996

Shangazi Daulat mpenzi,

Salaam alaykum. Nadhani barua hii inakukuta kibarazani, miwani puani na kalamu nyekundu mkononi, tayari kunisahihisha kama ulivyowasahihisha watoto wa Tanga miaka thelathini. Safari hii nisamehe. Mimi ni bibi harusi wa wiki tano na nina ruhusa ya kukosea.

Baba na Mama hawajambo. Bado wako Brampton, katika chumba cha chini ya nyumba ya watu, na Baba bado anasema mwakani watahamia juu. Harusini alilia kuliko Mama. Mimi na Muntazir wangu tumepata nyumba St. James Town, ghorofa ya kumi na saba. Lifti ni tatu: moja imekufa, moja inaumwa, na ya tatu ina foleni. Lakini Shangazi, kupanda ngazi na Muntazir ni raha! Tukifika ghorofa ya tisa tunakaa ngazini, ananimenyea chungwa, ganda linatoka zima kama utepe. Jana nimekuta kikaratasi katika mfuko wa koti langu. Ameandika nyuma ya tiketi ya treni: "Nimekukumbuka tangu kituo cha Sherbourne." Sherbourne ni kituo chetu wenyewe. Yaani alinikumbuka hata kabla hajapanda!

Iliniuma sana wewe kutokuwepo harusini, ingawa kwa namna yako ulikuwepo. Wanawake wa Tanga waliohamia huku waliponivika maua walianza wote kwa pamoja: "Wa kwanza kaja na mwavuli, na mvua hainyeshi." Wanaujua wote, mpaka wale ambao hawajui tena namba zao za simu. Nikaambiwa ni wimbo wa mchezo wenu wa zamani, Posa Saba, ule wa msichana anayeposwa na wanaume saba.

Na hapo ndipo penye shida yangu. Hapa mjini siku hizi michezo ya nyimbo ya zamani inarudishwa jukwaani kama mitumba, na watu wanapanga foleni kwenye baridi kwenda kutazama walichotazama bibi zao. Sasa chama cha watu wa Tanga kimeamua kuirudisha Posa Saba mwezi wa Aprili. Mwenyekiti ni Baba Mkubwa Mohamedjaffer, aliyeuandika, ambaye kama unavyojua ndiye aliyemlea Muntazir. Na mwongozaji ni nani? Muntazir wangu! Mchana anachora ramani za mabomba ya maji machafu, jioni ni msanii. Mimi nakaa pembeni na daftari, nawakumbusha maneno wanaosahau.

Tumeuandikisha kwenye tuzo za michezo ya jamii. Kuna kundi la michezo mipya, lina washindani kumi na tisa, na kundi la michezo ya zamani iliyorudishwa. Humo tuko watatu tu, na mmoja ni kwaya ya wazee wanaoimba wameketi. Muntazir haongei kingine. Amekwisha pima ukuta wa sebuleni ambapo tuzo itakaa.

Ila kuna kifungu cha nane. Mchezo hauwi wa kurudishwa mpaka uthibitishe kwamba uliwahi kuoneshwa angalau mara moja, mbele ya watazamaji waliokata tiketi, si chini ya miaka ishirini na mitano iliyopita. Kamati inataka karatasi. Tafadhali nitazamie sandukuni: tiketi, tangazo, kipande cha gazeti, chochote cha mwaka 1962. Mwisho wa kupokea ushahidi ni 31 Januari.

Anayekupenda (na sasa tuko wawili tunaokupenda),
Masoomah


Tanga, 8 Oktoba 1996

Masoomah wa ndugu yangu Anwarali,

Wa alaykum salaam. Mzima niko, kibarazani niko, kalamu ninayo. Makosa ni kumi na moja, na tisa kati yake ni Muntazir.

Hongera kwa kupata mume anayejua kumenya chungwa. Wengine tulipewa wanaume ambao hata chungwa lenyewe walilisubiri limenywe, na bado tukawalia walipokufa. Hongera pia kwa hizo ngazi. Baada ya mwaka mmoja utaniambia kama ghorofa ya tisa bado ina utamu.

Huku hakuna jipya. Nazmin wa nyumba ya pili amejifungua pacha, na mji mzima unasema wamefanana na baba yao. Tunawaombea. Maji yanatoka Jumanne na Ijumaa, isipokuwa Jumanne na Ijumaa.

Kuhusu karatasi: sina. Mchwa wa Tanga ni wasomaji wazuri kuliko kamati yenu. Tarehe ninayoikumbuka ni Jumapili, 3 Juni 1962. Zaidi ya hapo, mchezo si ni wa Mohamedjaffer? Muulizeni Mohamedjaffer. Mtu aliyeandika mchezo mzima kwa akili yake hawezi kukosa kumbukumbu ya kujaza fomu moja.

Msalimie mwongozaji.

Daulat


Toronto, 3 Novemba 1996

Shangazi mpenzi,

Kwanza pole kwa maji, na salamu kwa Nazmin na pacha wake wazuri. (Nimeamua ni wazuri.) Baba amepata mafua lakini anakwenda kiwandani hivyo hivyo. Na mimi nina koti jipya la baridi! Muntazir kila asubuhi analitandaza juu ya hita kabla sijaamka, nikilivaa naona kama nimekumbatiwa. Najua umeshika kalamu. Endelea tu.

Mazoezi ni Jumapili asubuhi katika ukumbi wa shule huko Parkdale. Mposaji wa pili, yule daktari, amezaliwa hapahapa. Anasema "Nimekuja kuposa" kama mtu anayeagiza piza kwa simu. Nikimkumbusha maneno kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza kwamba anajua, halafu anasahau tena. Lakini akiimba, Shangazi! Hata mfagiaji wa ukumbi anasimama na ufagio wake.

Sasa sikiliza. Tulifikiri mashahidi ni wengi. Wazee kumi na mmoja wa hapa wanaapa walikuwemo ukumbini na waliuona mchezo mpaka mwisho. Muntazir akawaita mmoja mmoja awaandike. Nargis, mke wa Baba Mkubwa, anasema msichana aliolewa na daktari, anakumbuka mpaka rangi ya koti lake. Wa pili anasema alimchukua karani wa reli. Wa tatu anasema alikufa kwa mapenzi na ukumbi mzima ukalia. Watu kumi na mmoja, miisho saba! Kamati ilipoziona hizo karatasi ilijibu kwa mstari mmoja tu: tuamue kwanza tuliona mchezo mmoja au saba. Ni kamati ya watu watano, na nadhani kuna kifungu kinachowakataza kucheka.

Baba Mkubwa anasema kurasa za mwisho zilipotea zamani na yeye hakumbuki alichoandika. Kwa hiyo ametunga mwisho mpya: msichana anamkubali wa saba, yule ambaye mama yake ndiye anayemsemea kila kitu. Anampigia mama mkwe magoti, wote wanacheza. Tulipofanya mazoezi ya mwisho huo mimi na Muntazir tulishikana mikono. Nililia kidogo.

Halafu Baba Mkubwa akasema: "Kwani mnahangaika na nini? Si mna Daulat? Yeye ndiye aliyekuwa msichana mwenyewe!" Shangazi! Umenilea miaka minane, umenifundisha mpaka kushona, hukunitajia hata siku moja kwamba ulisimama jukwaani!

Wakili ameandaa hati ya kiapo, imo humu. Inasema wewe uliigiza, mchezo uliandikwa na Mohamedjaffer, na ulioneshwa wote tarehe 3 Juni 1962 mbele ya watazamaji waliokata tiketi. Ni kutia sahihi tu mbele ya hakimu wa hapo. Sahihi moja, Shangazi, na Muntazir wangu atakuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Ontario.

Masoomah wako


Tanga, 30 Novemba 1996

Masoomah,

Mwambie baba yako ale tangawizi na aache ushujaa. Huku wazima. Mmoja wa wale pacha ameanza kupendeza. Wa pili bado anafikiria.

Nimeipokea hati ya kiapo. Ni karatasi nzuri, na mihuri yake mizuri. Ina kila kitu isipokuwa ukweli, kwa hiyo nimeona niipunguzie na sahihi yangu. Nairudisha kama ilivyokuja.

Posa Saba haikuoneshwa. Mnataka kurudisha kitu ambacho hakikuja.

Siku ile ukumbi ulijaa watu mia tatu, na tiketi walikata. Tulikuwa tumehesabu kwamba Mfunguo Tatu utatimiza siku thelathini, kwa hiyo tuna jioni moja ya furaha kabla ya maombolezo ya Muharram. Aliyehesabu ni Mohamedjaffer, mwalimu wa hesabu. Nikatoka nimevaa sari ya mama yangu, nikaimba wimbo wa mwavuli, watu wakapiga vigelegele. Nilikuwa katikati ya wimbo wa daktari mlango ulipofunguliwa, akaingia mzee mmoja kanzu imemlowa jasho, akasema, "Mwezi umeandama." Mwezi wa ishirini na tisa! Wanawake wakavua bangili hapo hapo kwenye viti. Waliokuwa wakicheka wakaanza kulia, maana wakati wake ulikuwa umefika, na mimi niko jukwaani na wanja machoni kama kinyago. Baada ya dakika kumi ukumbi ulikuwa na viti tu.

Wimbo mmoja na nusu. Iulizeni kamati kama kuna tuzo ya nusu.

Hao kumi na mmoja waliona mazoezi. Miezi minne tuliimba shuleni madirisha wazi, mtaa mzima ukashika nyimbo, na kila nyumba ikajimalizia mwisho wake. Ndiyo maana hamkupata mwisho mmoja. Siwalaumu. Mtu akiimba wimbo harusi mia mbili, atakosaje kuamini kwamba alinunua tiketi?

Na huo mwisho wa Mohamedjaffer! Anampigia mama mkwe magoti! Msichana aliyewatoa mbio karani, daktari na mwenye maduka matatu, aje amkubali mwanamume asiyeweza kuomba maji ya kunywa bila mama yake? Haolewi na yeyote kati ya hao saba. Anavaa viatu vya mama yake, vile vya kutokea, anatoka peke yake, anakwenda kubisha hodi kwenye mlango wa mtu anayemtaka yeye. Anabisha mara tatu, pazia linashuka. Mlango hatuuoni ukifunguliwa. Hivyo ndivyo...

Basi. Baridi ikizidi vaa soksi mbili.

Daulat


Toronto, 22 Desemba 1996

Shangazi,

Salaam alaykum. Sote wazima. Theluji imefika mpaka kwenye vioo vya magari na Baba amepona.

Barua yako niliificha siku tano ndani ya gunia la mchele. Ni siri ya kwanza katika ndoa yangu, na imenipa kiungulia. Muntazir akiniuliza nina nini nasema baridi. Na yeye, maskini, anakwenda kunichemshia maziwa.

Siku ya sita nilikwenda Brampton nikamuuliza Baba. Nilimwambia: "Shangazi anajuaje kilichokuwa kwenye kurasa ambazo Baba Mkubwa mwenyewe hakumbuki?" Baba akazima televisheni. Wewe unajua Baba hazimi televisheni. Akasema, "Nilikuwa na miaka tisa. Dada yangu alikuwa ananipa peremende nimchunie karatasi za kalenda za dukani kwa babu yako, mwezi ukiisha. Aliandika nyuma yake. Alikuwa akiandika huku anaimba, halafu anafuta, halafu anaimba tena." Nikamwambia, "Baba, mbona hukusema?" Akasema, "Hakuna aliyeniuliza. Na yeye alinikataza."

Kwa hiyo ni wewe. Nyimbo zile zote. Wimbo nilioimbiwa mimi siku ya harusi yangu ni wako, na umenyamaza, umenitumia barua ya makosa kumi na moja!

Sijui nikuombe nini. Nikikuomba utie sahihi, ni uongo. Nisipokuomba, Muntazir anapoteza tuzo na Baba Mkubwa anaaibika mbele ya watu wote, na ndiye aliyemlipia Muntazir shule, ndiye aliyetuombea hata nyumba hii. Mimi ni mke wa miezi minne. Nina haki gani ya kuvunja nyumba ya watu? Lakini kila Jumapili nakaa pembeni na daftari, na juu kabisa limeandikwa jina lisilo lako, na mimi ndiye ninayewakumbusha wengine maneno.

Muntazir bado hajui. Niambie nifanye nini. Ukikasirika pia niambie, mradi uniandikie.

Masoomah


Tanga, 14 Januari 1997

Mwanangu Masoomah,

Ramadhani njema. Barua hii anaileta Zarina, anayekuja kwa dada yake. Nimemwambia ni mapishi ya sambusa, kwa hiyo hataifungua. Angekuwa na haja ya kujua kupika sambusa tungekwisha kujua wote.

Baba yako alilipwa peremende nyingi mno kwa mtu anayekuja kusema baada ya miaka thelathini na mitano tu.

Ndiyo, niliuandika mimi. Nilikuwa na miaka ishirini. Mohamedjaffer alikuwa mwalimu kijana, ana sauti, ana ufunguo wa ukumbi. Nilimpelekea daftari. Akasema ni zuri, lakini nani atatoa mtoto wake nyumbani kuja kutazama mambo yaliyoandikwa na msichana? Tuweke jina langu, akasema, watu waje kwanza, watajua baadaye. Nikakubali. Usiniulize kwa nini. Nawe una akili, na umepanda ghorofa kumi na saba kwa ajili ya chungwa.

Sasa nikuambie lile ambalo sikumwambia hata mume wangu, marehemu Akberali. Mwezi uliuzuia mchezo miezi miwili na siku nane za maombolezo, kama unavyozuia kila kitu. Aliyeuua ni mimi. Maombolezo yalipokwisha walitaka kuuonesha. Nikamwambia Mohamedjaffer: sasa watu wamekwisha upenda, weka jina langu. Akasema, "Baadaye, Daulat." Nikachukua kurasa saba za mwisho nikaenda nazo nyumbani. Akaja kuziomba mara mbili. Mara ya pili alikuja na Nargis, mchumba wake. Sikutoa. Nilitaka aombe mara ya tatu, na jina langu mkononi. Hakuja. Watu hamsini walikuwa wamefanya mazoezi miezi minne, na mimi nikaufungia mchezo wote katika kifuniko cha cherehani. Akberali miaka yote alidhani ni karatasi za dhamana ya mashine.

Kwa hiyo usinifanye malaika. Mohamedjaffer alichukua jina. Mimi nilichukua kilichobaki.

Kurasa hizo saba zimo humu. Imo pia barua yangu kwa kamati, nimeitia sahihi mbele ya hakimu, aliyenitoza shilingi kwa kusikiliza hadithi nzuri. Inasema mchezo haukuoneshwa na aliyeuandika ni nani. Sikuituma moja kwa moja, kwa sababu ndoa ni yako na si yangu. Ukiipeleka, sawa. Ukiichoma, sitakulaumu. Nitakusema tu mpaka nife.

Na usifiche kitu ndani ya mchele. Kinaingia harufu.

Shangazi yako,
Daulat


Toronto, 14 Aprili 1997

Shangazi wangu,

Salaam alaykum. Nimekaa kimya miezi mitatu, na ninajua Jumanne na Ijumaa zote umekuwa ukiniteta pamoja na maji. Nilikuwa siwezi kuandika mpaka nijue ninaandika nini. Baba na Mama wamehamia juu! Dirisha lina jua, Mama anaanika pilipili. Na mimi bado nimeolewa. Naanza na hilo usije ukaruka mistari.

Zarina alinikabidhi mapishi yako tarehe 20 Januari. Nilisoma mara moja, nikavaa koti, nikamfuata Muntazir kazini, nikampa kila kitu ndani ya tramu kabla sijaogopa. Alikuwa amefunga, hana hata mate. Alisoma barua yako, akasoma ya kamati, akasoma kurasa zote saba. Tukapita kituo chetu. Tukafika mwisho wa njia, dereva akatuambia tushuke. Hapo ndipo aliponiuliza: "Anabisha mlango wa nani?"

Nikasema, "Muntazir, tuzo!"

Akasema, "Nimekusikia. Lakini mlango wa nani?"

Nikajua nimeolewa na mtu niliyedhani nimeolewa naye. (Hapo weka nyekundu ukitaka.)

Kwa Baba Mkubwa tulikwenda baada ya futari. Alisoma amesimama. Nargis akamwambia, "Kaa, Mohamedjaffer," hakukaa. Akasema yeye ndiye aliyepata ukumbi, ndiye aliyefundisha watu kuimba, na bila yeye lile daftari lingeliwa na mchwa. Muntazir akasema, "Ni kweli, Baba Mkubwa. Na mwandishi ni nani?" Akasema hili ni jambo la zamani na haliihusu kamati ya Wazungu. Muntazir akauliza tena, taratibu, "Mwandishi ni nani?" Shangazi, sijawahi kumsikia mtu akimkosea mzee heshima kwa heshima namna ile. Baba Mkubwa akatufungulia mlango wa kutokea. Siku ya pili akajiuzulu uenyekiti, akasema ni kwa ajili ya magoti.

Barua yako niliipeleka kwa kamati mwenyewe, kwa mikono yangu. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu na lina kurasa nne. Kwa kifupi: mchezo hauwezi kuwa wa kurudishwa kwa sababu haukuwahi kuoneshwa, wimbo mmoja na nusu hauhesabiwi. Hauwezi pia kuwa mpya, kwa sababu fomu za michezo mipya zilifungwa Novemba. Tumewapa watu watano kitu ambacho si cha zamani wala si kipya, nasikia walikutana mara mbili. Wametutakia kila la heri. Muntazir alisoma kurasa zote nne, akaenda sebuleni akatundika kalenda mahali pa tuzo. Alinuna siku nane. Sitakuficha, siku nane bila kikaratasi mfukoni ni nyingi.

Waigizaji watatu waliondoka na Baba Mkubwa. Daktari wetu wa piza akabaki, akaomba na nafasi ya karani.

Jana mchana tuliuonesha. Watu walijaa mpaka tukaazima viti vya kanisa la jirani. Programu nakutumia humu. Soma ukurasa wa mbele: Posa Saba, umetungwa na Daulat Akberali. Hakuna jina lingine juu yake. Msichana alipovaa viatu vya mama yake akatoka, nikasahau daftari langu, hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Akabisha moja, mbili, tatu. Pazia likashuka. Watu hawakupiga makofi, Shangazi! Walianza kugombana: mlango wa nani? Wa karani? Wa jirani? Mzee mmoja akasema ni mlango wa shule. Makofi yalikuja baadaye, yakakawia kwisha.

Na Nargis akaja nyuma ya jukwaa, macho mekundu, akanishika mikono, akaniambia: "Ndivyo hasa ulivyokwisha mwaka ule. Nakumbuka kama jana." Na wale wengine kumi nao wakasema ndivyo hasa!

Baba Mkubwa alikuja. Alikaa mstari wa mwisho karibu na mlango. Mwisho alichukua programu, akaisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaondoka bila kula biriani. Wewe unamjua yeye na biriani. Hajatusemesha bado. Muntazir anakwenda kwake kila Jumamosi kumsafishia theluji, na sasa theluji imekwisha anakwenda kutafuta nyasi. Sijui itachukua muda gani.

Sikuulizi kama umefurahi, maana utanijibu. Nakuuliza moja tu: ni mlango wa nani?

Masoomah wako


Tanga, 2 Mei 1997

Masoomah, mwanangu,

Wa alaykum salaam wewe, na mwongozaji, na watu wa juu wa Brampton. Huku wazima. Pacha wote wawili sasa wanatazamika.

Programu imefika. Karatasi yake ni nyembamba na picha ya msichana wenu inaonekana kama anaumwa jino. Nimeusoma ukurasa wa mbele. Nikauweka. Nikatengeneza chai, nikarudi nikausoma. Nazmin alipita akauliza kwa nini nimekaa na chai imepoa, nikamwambia ashughulike na wanawe.

Mlango ni wa nani, haikuhusu. Mwandishi ni mimi.

Mwambie Muntazir kwamba siku nane ni chache. Mimi ningenuna mwaka. Na Jumamosi aendelee kwenda, hata nyasi zikiisha. Mohamedjaffer alihesabu vibaya, lakini ni kweli kwamba aliwafundisha watu kuimba, na hilo mwandikie kwa mkono wako kwamba nimelisema mimi. Biriani mpelekee nyumbani.

Jambo la mwisho, na uliulize kwa udadisi tu, bila kutaja jina la mtu. Hizo fomu za michezo mipya, mwakani zinafungwa tarehe ngapi ya Novemba? Na iombe kamati yako ipekue vifungu vyake vyote iniambie: mwandishi wa miaka hamsini na mitano anahesabiwa mpya, au wa kurudishwa?

Daulat